Somo la Redio: Katani na Jivu Ndani ya Saruji

Fungueni vitabu vyenu. Somo la leo lahusu mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, ambao mafundi hupigia lipu na kutengenezea vigae vya kuezekea.

Mchanganyiko huu ukikauka una nguvu sana ukibanwa. Lakini ukipindwa ni dhaifu. Mtu akikanyaga kigae chembamba cha saruji, hupasuka vipande viwili mara moja, bila onyo.

Hapo ndipo inapofaa katani. Katani ni nyuzi za majani ya mkonge, mmea ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani. Nyuzi hukatwa vipande vifupi, kama sentimita 2, na kuchanganywa na saruji na mchanga. Ufa ukitokea, nyuzi zinazopita katikati yake huushika usipanuke. Kigae hupata ufa lakini hakianguki papo hapo. Mwenye nyumba huuona, akakibadilisha.

Lakini iko hatari. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa kali. Chokaa hiyo hula katani polepole. Miaka ikipita, nyuzi huwa kavu, zikavunjika kama njiti. Kwa macho kigae ni kizima, kumbe nguvu zake zimekwisha, na chini yake watoto wamelala.

Je, tufanyeje? Tupunguze saruji kidogo, na mahali pake tutie jivu linalofaa. Jivu la pumba za mpunga lafaa, na majivu ya volkeno, kama ya sehemu za Mbeya, yafaa pia. Warumi wa kale walijenga kwa majivu ya volkeno, na jengo lao liitwalo Pantheon, mjini Roma, limesimama miaka 1,900 hivi.

Jivu la namna hii lina kitu kiitwacho silika. Silika hushikamana na ile chokaa kali, vikawa gundi mpya ya kushika mchanga. Basi chokaa hupungua, na katani hudumu zaidi. Tena, mnunuzi hutumia saruji kidogo.

Sasa andikeni mambo manne:

1. Si kila jivu lafaa. Jivu la kuni za jikoni halitoshi. Pumba zisichomwe kwa moto mkali kupita kiasi, na jivu lake lisagwe liwe laini kama unga.

2. Msizidishe. Katika kilo 10 za saruji, ondoeni kilo 1, au 2 kwa wingi, mtie jivu la pumba kwa uzito huo huo. Katani ikizidi hufanya mafundo. Maji yakizidi huondoa nguvu.

3. Msiwe na haraka. Mchanganyiko wenye jivu hukomaa polepole. Utunzeni kivulini, ukiwa na unyevu, kwa majuma mawili.

4. Msiutumie kwa nguzo wala boriti. Hizo zahitaji zege na nondo, na fundi anayejua kazi yake.

Maswali ya darasa: Katani husaidia nini ufa unapotokea? Ni kitu gani kinachoila katani? Jivu huikingaje?

Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane majibu. Kwaherini mpaka somo lijalo.