UZI: Bastola ndogo ya magnum na ule mjadala wa "raia wajihami"

1/ Wizi ukizidi mtaani, ama video ya mtu akifyatua risasi hewani ikisambaa, mjadala unarudi: raia waruhusiwe kubeba bunduki kwa urahisi ama la? Leo tuuchambue. Kanuni ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja kwa komenti nakunyamazisha hata kama tunakubaliana.

2/ Naanzia mbali kidogo, Texas. Binamu yangu ni nesi kule. Anafanya shifti ya usiku na maegesho ya magari yako mbali na mlango. Wiki mbili zilizopita alinitumia picha ya bastola tatu na ujumbe: "Profesa, wewe si ndiye unajua mambo ya siasa na usalama? Nichukue gani?" Mimi sijawahi kushika bastola. Lakini dada mkubwa akiuliza, huwezi kumwambia sijui. Nikaanza kusoma.

3/ Kwanza sheria ya kule. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, ambaye hajazuiwa na sheria, kubeba bastola bila kibali chochote. Kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Mtu aliye kule kwa viza ya masomo ama ya matembezi kwa kawaida amezuiwa na sheria ya taifa kumiliki bunduki. Binamu yangu ana ukaazi wa kudumu, kwa hivyo anaruhusiwa.

4/ Zile picha tatu zote zilikuwa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, za risasi inayoitwa .357 Magnum. Hii risasi ilitoka 1935. Ni mtoto wa risasi ya zamani zaidi, .38 Special ya 1898. Upana wa risasi ni ule ule, karibu milimita 9, lakini ganda la magnum lilirefushwa kama milimita 3. Sababu ni usalama: risasi yenye nguvu zaidi isiingie kwa bastola ya zamani isiyoweza kuihimili.

5/ Kinyume chake kinawezekana. Bastola ya .357 inapiga risasi za .38 bila shida. Shikilia hapo, tutarudi.

6/ Kwa nini rivolva wakati wengi siku hizi wananunua bastola za magazini? Wanaoipenda wanasema ni rahisi: hakuna magazini ya kukwama, na risasi moja ikigoma unavuta tena, silinda inazunguka inaleta nyingine. Zile zilizofichwa nyundo hazinasi kwa nguo ukizitoa mfukoni. Hasara yake? Nyingi za kuficha zinabeba risasi 5 tu, na kifyatulio ni kizito, mara nyingi unavuta nguvu ya kilo 4 hadi 6. Mkono usiozoea unaivuta bastola yote kando kabla risasi haijatoka.

7/ Sasa zile tatu:
– Smith & Wesson 340PD, gramu 330 hivi. Nyepesi kuliko chupa ya maji ya nusu lita.
– Ruger LCR ya .357, karibu gramu 480.
– Ruger SP101, ya chuma, gramu 730 hivi.
Zote zina risasi 5 na mtutu mfupi wa inchi 2 hivi. Dukani mtu anashika ile nyepesi anasema "hii ndiyo!" Hata mimi ningesema hivyo.

8/ Shida inakuja ukiifyatua. Nguvu inayoisukuma risasi mbele inakurudia mkononi, na uzito wa bastola ndio unaolipunguza hilo teke. Magnum kwa gramu 330 ni teke la punda. Ile 340PD imeandikwa kwa mtutu onyo la kutotumia risasi nyepesi kuliko greni 120, yaani karibu gramu 8. Onyo hilo ni la kuilinda silinda yake ya titani isiliwe mapema. Tena, teke linaweza kuzing'oa risasi zilizobaki kutoka kwa maganda yake, zikachomoza mbele na silinda ikakwama. Fikiria umenunua rivolva kwa sababu haikwami, halafu inakwama kwa nguvu yake yenyewe.

9/ Halafu mtutu mfupi. Baruti ya magnum inahitaji urefu ili iungue yote. Kwa inchi 2, nyingine inaungulia nje: moto mkubwa mbele ya macho yako usiku, na mlio wa kuumiza masikio, mbaya zaidi ndani ya gari ama chumba. Na kasi yenyewe ya risasi inapungua. Kwa hivyo umelipia magnum, umepata kelele ya magnum, lakini hujapata nguvu yote ya magnum.

10/ Ndiyo maana walimu wengi wa kule humwambia mwanafunzi: chukua ile nzito kidogo, uijaze .38, ufanye mazoezi. Risasi ya pili itarudi kwa shabaha haraka. Binamu yangu alienda uwanja wa kulenga shabaha akakodi ile ya katikati. Kwa magnum, umbali wa mita 7, alipiga 5. Karatasi ilipata 2. Kwa .38 zote 5 ziligusa karatasi.

11/ Akaniambia, "Tatu sijui zilienda wapi." Uwanjani zilienda kwa ukuta wa mchanga. Hiyo sentensi imekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Wacha niwaambie kwa nini.

12/ Nikiwa darasa la saba tuliishi kwa ploti ya mabati, vyumba kumi, choo kimoja. Usiku mmoja kulikuwa na milio huko barabarani. Asubuhi jirani yetu alikuta tundu kwa ukuta wake, usawa wa kitanda, na risasi ndani ya godoro. Mtoto wake alikuwa amelala upande wa pili wa hilo godoro. Hatukuwahi kujua nani alifyatua, kama ni mwizi ama ni mtu mzuri aliyekuwa anajitetea. Kwa lile godoro hakukuwa na tofauti.

13/ Kwa hivyo nikisikia mtu anasema "bunduki yangu ni mambo yangu", nakumbuka mabati. Nyumba nyingi tunazoishi haziwezi kusimamisha risasi. Si .38, si 9mm, sembuse magnum. Risasi iliyokosa mwizi inaingia kwa Mama Nani. Kuchagua bastola kunaonekana jambo la mtu binafsi, lakini kila gramu unayoiondoa ili ikae vizuri mfukoni, hatari yake anaibeba pia aliye nyuma ya shabaha, na yeye hakuulizwa.

14/ Turudi Texas mara moja. Kuna kitu binamu yangu alikuwa hajafikiria. Sheria ya kule kwa kawaida inakataza kuingia na bunduki ndani ya hospitali yenye leseni. Kwa hivyo bastola ingebaki kwa gari saa 12 za shifti. Sasa hofu yake ni nini? Ni ule mwendo kutoka mlangoni hadi kwa gari. Yaani mahali pale pale anapoihitaji, hangekuwa nayo. Na gari lenye bastola ni windo la wezi. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, halafu akasema, "We kijana, umenimaliza."

15/ Sasa nyumbani. Hoja ya kwanza utakayosikia: "Ni haki yangu ya kikatiba." Hapana. Marekani wana marekebisho ya pili ya katiba, ya 1791, na mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu ilisema yanamlinda mtu binafsi kuwa na bunduki nyumbani. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Inalinda uhai, Kifungu cha 26, na usalama wa mtu, Kifungu cha 29. Mahali inapogusa silaha kwa raia ni Kifungu cha 37: una haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na BILA silaha.

16/ Kujitetea kunatambuliwa, ndiyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inakubali mtu kutumia nguvu kujilinda kwa kufuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Lakini haki ya kujitetea na haki ya kubeba bunduki ni vitu viwili. Watu wanavichanganya kila siku, wengine kwa kutojua, wengine kwa makusudi.

17/ Hoja ya pili: "Mbona Marekani wanabeba?" Sikiza tofauti. Jimbo la New York lilikuwa na sheria, mizizi yake ni ya 1911, iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalum kabla ya kupewa kibali cha kubeba bastola. Juni 2022 Mahakama ya Juu ilifuta sharti hilo kwa kura 6 dhidi ya 3. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inataka kitu kinachofanana: uwe na sababu nzuri, na isiwe hatari kwa usalama wa umma. Kule sharti lilianguka kwa sababu ya yale marekebisho ya 1791. Hapa hakuna kitu cha kuliangusha. Ukikopi hoja ya Amerika bila katiba yake, umebeba mlango bila nyumba.

18/ Na ukikopi, kopi pia na hesabu. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Wengi hufikiria mwizi tu. Hawafikirii usiku mbaya wa mtu aliyefutwa kazi na bastola iko kwa droo. Kama usiku huo ni wako leo, tafadhali ongea na mtu, hata inboksi yangu iko wazi.

19/ Hoja ya tatu ndiyo ngumu, na siwezi kuidharau: "Wahalifu wanazo tayari. Polisi wakifika nishakufa." Mtu wa Kapedo ama wa mtaa usio na kituo cha polisi karibu hakosei akiuliza hivyo. Lakini angalia vizuri: sheria yetu haijakataza raia kumiliki. Tuna Bodi ya Leseni za Silaha, na mwisho wa 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wa kiraia wakaguliwe upya. Kwa hivyo swali halisi ni nani anapata hiyo leseni. Malalamiko ya mtaani ni kwamba mwenye duka la jumla na mheshimiwa ndio "sababu nzuri", mama wa kibanda cha M-Pesa anaambiwa apige ripoti. Huo ni mjadala wa usawa, na tuufanye hivyo, bila kujificha nyuma ya bastola.

20/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akisimama kwa jukwaa aseme "raia wajihami", usimpigie makofi bado. Muulize haya manne:
a) Nani atampima mtu, kwa bastola ile ile na risasi zile zile atakazobeba? Kufaulu kwa .38 halafu utembee na magnum ni udanganyifu.
b) Atarudia mtihani lini? Mkono unasahau.
c) Atakuwa wapi bila hiyo bastola, na itakuwa imefungiwa wapi wakati huo?
d) Risasi ikimkosa mwizi ikaingia kwa mabati ya jirani, nani analipa hospitali? Hata boda boda kisheria inahitaji bima ya mtu wa tatu.

21/ Na yule anayesema "wanyang'anywe wote", yeye pia ana swali lake: simu ya dharura inapokelewa baada ya muda gani, na gari la polisi lina mafuta? Ukimwambia mtu asijilinde, umechukua deni la kumlinda.

22/ Binamu yangu bado hajanunua. Amejiandikisha kwa mafunzo ya siku mbili, na ameandikia hospitali yake barua, yeye na wenzake saba, wakitaka taa kwa maegesho na askari wa kuwasindikiza kila shifti ikiisha. Taa zimewekwa. Askari bado wanasubiri jibu. Akija kununua, amesema ni ile nzito, na .38 ndani. Huo ni uamuzi wake na sheria ya kule inamruhusu.

23/ Mimi nimeegemea wapi? Sitaki leseni ilegezwe. Nataka iwe wazi, tujue inatolewa kwa vigezo gani na kwa nani. Kama unapinga, karibu kwa komenti, lakini jibu angalau swali la (d) kwanza. Nitasoma zote nikitoka darasani kesho. Wiki ijayo: kwa nini kila bajeti inasema "hakuna ushuru mpya" halafu bei ya unga inapanda.