Treni ya sarakasi ilipita, picha zikabaki. Ya kwetu je?

Msomaji wangu, hebu vuta picha. Treni ina mabehewa kama 60, ukisimama kichwani mkia huuoni. Humo ndani kuna tembo, farasi, simbamarara, wacheza sarakasi, wake zao na watoto wao. Wanapika humo, wanalala humo, wanagombana humo humo. Si hadithi ya kijiweni hiyo!

Hiyo ilikuwa treni ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ya Marekani. Sarakasi ya mzee P. T. Barnum ilianza kusafiri kwa reli mwaka 1872. Tembo walipumzishwa Mei 2016, na tarehe 21 Mei 2017 likafanyika onyesho la mwisho. Mwaka 2023 sarakasi yenyewe ilirudi, ila bila wanyama na bila treni. Imetoka hiyo!

Kilichobaki ni picha. Kuna watu walikuwa wanadamka alfajiri na kamera zao kwenda kuivizia milimani. Kwa nini milimani? Kwa sababu treni nzito ikipanda mlima inajikongoja, unapata nafasi ya kupiga picha hata tatu nne. Tena kwenye kona inajikunja, mwili wote unaonekana. Pale Tehachapi, California, reli inazunguka kama nyoka, hadi treni ndefu inapita juu ya mkia wake yenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Sarakasi tunayo, tusidharauliane. Miaka ya 1960 vijana wetu walipelekwa China kujifunza, wakarudi wakiruka na kujikunja hadi watu wakashika midomo. Na mlima wa treni tunao: Saranda, pale Reli ya Kati inapoupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni. Reli hiyo ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na imebeba kila aina ya kiumbe, kuanzia wafalme wa kuku hadi maharusi.

Lakini picha ziko wapi? Wengi wetu hapa Issuna tunaijua njia ya Manyoni kwenda Singida. Wangapi wanajua kwamba miaka ya 1930 Mwingereza alijenga reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, kisha miaka ya 1940 ikang'olewa? Waliopanda treni ile wanakwisha mmoja mmoja. Wakiondoka wao, imebaki kuambiwa tu.

Kwa hiyo, wewe kijana mwenye simu ya kamera, acha kujipiga mwenyewe kila saa. Piga stesheni, piga mama wa chakula dirishani, piga behewa bovu lililoota nyasi. Asubuhi au jioni ndiyo saa nzuri, jua likiwa chini na likiwa mgongoni kwako. Panda kwenye jabali, Singida hatujanyimwa majabali! Ukimpiga mtu, muombe kwanza. Stesheni na madarajani nako omba ruhusa kwa wahusika, usije ukalala ndani kwa ajili ya picha.

Halafu reli si studio. Kuna wanaosimama katikati ya mataruma eti pozi. Treni haina breki za baiskeli, ndugu yangu. Ile mpya ya umeme inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kwa sekunde moja. Ukipiga chafya tu, imeshafika. Na nyaya zake zina volti 25,000, kwa hiyo usiinue fimbo wala mti wowote karibu nazo.

Ukishapata picha yako, isiishie kwenye simu, maana simu inaibiwa. Isafishe, andika nyuma mahali, tarehe na ni treni gani. Iweke kwenye albamu pamoja na zile za harusi. Wajukuu watakuja kukuuliza, nawe utakuwa na cha kuwaonyesha.