Je, Wajua? Mama Aliye Moto

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika hekalu la Jwalamukhi hutafuta sanamu. Mahekalu mengi ya Kihindu huwa nayo, imevishwa nguo na kupambwa maua. Hapa haipo. Katikati ya chumba kuna shimo lililozungushiwa sakafu ya mawe, na kwenye nyufa za mwamba ndimi ndogo za moto wa buluu zinachezacheza bila utambi, bila mafuta, bila kuni. Mahujaji huinamia nyufa hizo. Huyo ndiye Mama mwenyewe, mungu wa kike wa hekalu hili.

Hekalu hili liko wilaya ya Kangra, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, kwenye vilima vinavyotangulia milima ya Himalaya. Masimulizi ya Wahindu yanasema kwamba Sati, mke wa mungu Shiva, alijitoa uhai motoni baada ya baba yake kumdhalilisha mumewe. Shiva akaibeba maiti begani, akazunguka nayo kama aliyerukwa na akili, mpaka Vishnu alipoikatakata ili mwenzake aachane na majonzi. Kila kipande kilipoanguka pakawa mahali patakatifu pa Mama. Kangra ulianguka ulimi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi: kwetu pia moto una ndimi.

Ndimi zinazotambuliwa ni tisa, na kila moja ina jina la mungu wa kike: Mahakali, Annapurna, Saraswati na wenzao. Lakini si lazima anayekuja azikute zote tisa. Siku nyingine baadhi hunywea au hazionekani kabisa, na sababu iko chini ya miguu ya mahujaji.

Bara dogo la India linaisukuma Asia tangu mamilioni ya miaka iliyopita, na matabaka ya miamba ya eneo hili yamekunjwa na kupasuliwa na msukumo huo. Ufa mmoja mkubwa wa ardhini wanajiolojia wameuita kwa jina la Jwalamukhi. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni metheni, hupenya katika mipasuko ya aina hii mpaka juu. Metheni haina rangi wala harufu, na ikipata hewa ya kutosha huwaka buluu bila masizi, kama jiko la gesi la nyumbani. Kasi ya gesi ikipungua, ulimi nao hufifia.

Karibu na moto kuna kijibirika kiitwacho Gorakh Dibbi. Maji yake yanatokota kama ya chai, lakini ukitia mkono ni ya baridi. Kinachoyatibua ni gesi inayotoka chini kwa mapovu. Mhudumu akisogeza moto juu ya maji, mwali hulipuka ghafla na kutoweka, na watu hushtuka kila mara ingawa walikuja kuuona huohuo.

Wafalme nao walivutwa. Inasimuliwa kwamba Akbar, mtawala wa Kimoghuli wa karne ya 16, alijaribu kuuzima moto kwa maji na kwa bamba la chuma, akashindwa, akaleta mwavuli wa dhahabu kuomba radhi. Mama akaukataa, na dhahabu ikageuka madini yasiyojulikana. Hiyo ni hadithi ya wenyeji, na mwavuli huo bado unaonyeshwa. Kuba lililopakwa dhahabu nalo linahusishwa na Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga.

Kinachopendeza zaidi ni utunzaji wa kila siku. Mama huletewa maziwa, sukari ya mawe na vitambaa vyekundu, na usiku, baada ya sala ya mwisho, hutandikiwa kitanda chenye nguo na mapambo. Moto usiolala, na bado unatandikiwa.

Serikali ilikuwa na mahesabu yake. Palipo na moto wa ardhini huenda kuna gesi ya kuuza, kwa hiyo mwaka 1957 shirika la mafuta la India lilianza kuchimba kisima kirefu Jwalamukhi. Gesi ilionekana, lakini si ya kutosha biashara. Mahujaji wakaendelea kuja, hasa wakati wa sherehe za Navaratri, mara mbili kwa mwaka.

Kule Surakhani, karibu na Baku nchini Azerbaijan, mambo yalikwenda vingine. Wafanyabiashara kutoka India walijenga huko mahali pa ibada juu ya moto kama huu, wakaacha maandishi ya Kisanskriti ukutani. Ila Baku ilikuwa na mafuta kwelikweli. Visima vikazidi, gesi ya ardhini ikapungua, na mwaka 1969 moto ukazimika. Unaowaka pale leo unaletwa kwa bomba.