Team Philips: Omo Iliyokatika Kabla ya Mbio

Machi 2000, karibu na Visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, Team Philips, katamarani yenye miili miwili, ilikuwa majaribioni. Hakukuwa na tufani. Hata hivyo, omo ya upande wa kushoto ilikatika: kipande cha mita 14 hivi, kutoka chombo chenye urefu wa mita 36 na ushei.

Nahodha Pete Goss hakuwa mgeni baharini. Katika mbio za Vendée Globe za 1996 aligeuza chombo chake ndani ya tufani kwenda kumwokoa mshindani wake, Raphaël Dinelli. Team Philips ilijengwa Totnes, Devon, kwa ajili ya The Race, mbio za kuizunguka dunia zilizoanzia Barcelona tarehe 31 Desemba 2000.

Anayejua ngalawa na matengo yake ataelewa upesi shida ya katamarani. Upepo ukikaza, mwili wa joshini huinuka na uzito wote huulalia ule wa demani. Kila kilo ya ziada hukizamisha chombo na kukipunguzia mwendo. Kilo za omoni na tezini ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa hukifanya chombo kizidi kupiga mbizi na kuinuka kwenye mawimbi. Basi mbunifu hushawishika kupunguza huko huko mwisho, na omo ndiyo inayopigwa na wimbi kwanza. Omo za Team Philips zilikuwa ndefu na nyembamba kwa makusudi, ili zipenye wimbi badala ya kulipanda.

Ubavu wa vyombo hivi ni matabaka mawili membamba ya nyuzi za kaboni, na katikati kiini chepesi chenye vijumba kama sega la nyuki. Nguvu haitoki kwenye unene wa kaboni. Inatoka kwenye matabaka hayo kushikiliwa mbali mbali, moja likivutwa na jingine likibanwa. Gundi ikiachia, hata mahali padogo, tabaka linalobanwa hujikunja na kupasuka. Kwa nje huoni kitu, rangi inang'aa vilevile. Fundi hulazimika kugongagonga ubavu kwa sarafu, akisikiliza: palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana hutoa mlio mzito uliokufa.

Omo ilijengwa upya na kuimarishwa. Desemba mwaka huohuo chombo kilikumbwa na tufani katikati ya Atlantiki, na watu wote saba wakaokolewa na meli ya mizigo. Team Philips haikufika Barcelona.

Mshindi wa The Race alikuwa Club Med, chini ya Grant Dalton, kwa siku 62. Ilikuwa mojawapo ya katamarani tatu zilizobuniwa na Gilles Ollier na kujengwa Vannes, Ufaransa, zikiwa na mlingoti mmoja juu ya mhimili wa katikati. Zote tatu zilimaliza, ingawa mojawapo, Team Adventure, ililazimika kutia nanga Cape Town kutengenezwa.

Kwa maoni yangu, ubunifu wa Team Philips ulikuwa wa kijasiri na ulistahili kujaribiwa. Ulichokosa ni muda. Chombo cha aina mpya kabisa kinahitaji misimu ya kupigwa na mawimbi, watu wakiwa karibu na bandari, kabla hakijapangiwa tarehe ya kuizunguka dunia.