Dawa ya kwapa: kuacha ile inayoziba jasho

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi wamama mnaofua salopeti zetu, tangu miezi michache ulizo moja linarudi kila juma kwenye dispansere: «Ni kweli deodoranti ya dukani inaleta kansa? Tuiache, tushike ya asili?» Mimi si munganga, ni msaidizi wake tu. Lakini jambo hili si gumu, na kuna watu tayari wamejiumiza kwa ajili yake.

Tuanze na jasho lenyewe. Mwili wa mutu una vijitundu vya jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Jasho linapotoka halina harufu. Harufu inaletwa na vijidudu vinavyokaa juu ya ngozi. Kwenye kwapa kuna jasho la namna nyingine, zito kidogo, lenye mafuta, linaloanza mutoto anapokomaa. Vijidudu vinalikula na mabaki yake ndiyo yanayonuka. Ndiyo maana mutoto wa miaka 6 anacheza mupira siku nzima na hanuki kama baba yake.

Dukani kuna vitu viwili vinavyofanana kwa chupa lakini si kimoja. Deodoranti ya kweli inapunguza vijidudu ao inafunika harufu kwa manukato. Jasho linaendelea kutoka. Kizuia jasho kina chumvi ya aluminiamu: inapokutana na jasho inaganda kama kizibo kidogo ndani ya tundu, na jasho linapungua mpaka kizibo kitoke. Chupa nyingi zina vyote viwili. Zile alama za manjano kwenye shati jeupe la Siku ya Mungu, mara nyingi zinatoka kwa aluminiamu hiyo kuchanganyika na jasho.

Sasa kansa. Mwaka 2002 waganga wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya kuulizauliza wanawake 813 waliokuwa na kansa ya ziwa na 793 wasiokuwa nayo. Wenye kupaka dawa ya kwapa hawakuonekana kuwa na kansa zaidi kuliko wengine. Aluminiamu inayopita kwenye ngozi nzima ni kidogo sana. Mwenye ugonjwa wa figo peke yake aulize munganga kwanza, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini.

Hapa kuna habari inayotuhusu sisi watu wa migodi. Kule Ontario, Kanada, tangu mwaka 1943 mpaka 1979 wachimbaji walipuliziwa unga wa aluminiamu katika vyumba vya kubadilishia nguo, wavute kwa pua kabla ya kushuka. Waliambiwa utakinga mapafu na vumbi la mawe. Haukukinga. Mwaka 2022 serikali ya jimbo hilo ilikubali kuhesabu ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kuwa ugonjwa wa kazi kwa watu hao. Lakini unga uliojaa mapafu miaka na miaka si sawa na kitu kidogo kilichopakwa kwapani. Barakoa ya vumbi ndiyo inayostahili hofu yenu kuliko chupa ya mama.

Basi kwa nini mutu aache? Ziko sababu nzuri: ngozi inawasha, mashati yanaharibika, ao bei imepanda. Hizo zatosha, hakuna haja ya kutafuta kansa.

Lakini angalieni hiyo «asili». Sokoni wanauza jiwe jeupe linaloangaza, linaloloweshwa na kupakwa. Vinyozi wanalijua, wanalipitisha kidevuni baada ya wembe. Kwa Kiswahili ni shabu (si shaba yetu!). Muuzaji atakuapia kwamba halina aluminiamu. Shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu. Ni jiwe zuri, linapunguza vijidudu, na mimi mwenyewe ninalo nyumbani. Lakini anayekimbia aluminiamu asilinunue kwa sababu hiyo.

Bikarbonati inaondoa harufu kweli. Ngozi lakini ina ukali kidogo wa asidi unaoilinda, na bikarbonati inauondoa. Ukiitumia, changanya kidogo sana na unga mwembamba wa muhogo na mafuta ya nazi, ujaribu kwanza ndani ya mukono siku mbili. Ndimu msipake kabisa. Kijana mmoja wa kartie ya Kasapa, mfanyakazi wa ukumbi wa elektrolize, alisikia kwa majirani kwamba bikarbonati asubuhi na ndimu usiku vinasafisha «sumu» ya deodoranti. Siku ya nne kwapa zilikuwa nyekundu, zimechubuka, na mvuke wa asidi wa ukumbini ukamaliza kazi. Alipumzika juma zima bila kuinua mikono. Hakuna sumu ya kusafisha: ukiacha kizuia jasho, vizibo vinatoka vyenyewe kwa siku chache.

Kitakachokusumbua ni kingine. Jasho litarudi, na kwa juma moja ao mawili harufu inaweza kuzidi kwa kuwa vijidudu vinajipanga upya. Kwa hiyo usianze mwezi wa kumi, joto likiwa kali na basi la kampani limejaa. Anza mwezi wa sita ao wa saba wakati wa baridi, ao ukiwa konji. Punguza nywele za kwapa. Osha kwa sabuni na maji mara mbili kwa siku, ukaushe vizuri kabla ya kuvaa. Ninajua kwetu Annexe wengi wanachota maji kisimani na ndoo ni nzito. Nusu ndoo yatosha kwa kwapa, kinena na miguu.

Fulana ya pamba chini ya salopeti ni bora kuliko ya nailoni, inayoshika harufu hata baada ya kufuliwa. Pasi ya moto inaua vijidudu, na pia mayai ya ule nzi anayeingiza funza ngozini. Wamama, salopeti ya mugodi isifuliwe pamoja na nguo za mutoto. Wako watu ngozi yao haipatani na kobalti: vumbi likishikana na jasho linawatoa upele wa kuwasha, na wao wanalaumu deodoranti.

Tena, dawa ya kuziba jasho ni ya kwapa tu. Niliona mutu ameipaka kifua na mugongo kabla ya kushuka ili asiloweshe nguo. Hilo ni hatari. Jasho ndilo linalopoza mwili. Katika kazi nzito ya joto mutu anaweza kutoa litri moja kwa saa. Kunyweni maji kidogo kidogo, msingoje kiu.

Nimalize na wale ambao hawana haja ya deodoranti yoyote. Uvimbe kwapani usiopotea baada ya majuma mawili, ao kitu kigumu ndani ya ziwa, leteni tuone; msikae nyumbani mukibadilisha sabuni. Na jasho la usiku, lile la kulowesha shuka hata mwezi wa saba, lina habari yake. Baba mmoja wa Luwowoshi alibadilisha dawa tatu za kwapa kwa sababu muke wake alikataa kulala na shuka lililoloa. Alikuwa anakohoa pia, na suruali ilikuwa inamshuka. Vumbi la mawe linafungulia kifua kikuu mulango, nasi tulipima makohozi: kilikuwemo. Vidonge vyake ni bure, miezi 6 bila kuruka siku. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, ukapungua uzito ao ukatoka jasho la usiku, kuja asubuhi dispansere uombe kikopo cha makohozi. Muke na watoto waje pamoja nawe, nao tuwapime.