Waranti ya gari: neno la muuzaji linapogeuka deni

Kijana mmoja wa kwetu Likoni, ambaye sasa anafundisha Takaba, kule Mandera Magharibi, alinipigia simu akiwa na machungu. Alikuwa amenunua gari Mombasa kwa mtu binafsi, si kwa yadi. Bei ilikuwa juu kidogo, lakini muuzaji alimtuliza moyo kwa kauli moja: "Gari hili bado lina waranti ya kampuni, mwaka mzima umebaki." Miezi miwili haikuisha, giaboksi ikafa. Alipouliza kwa kampuni iliyoliuza gari hilo likiwa jipya, akaambiwa waranti ilikwisha zamani kwa sababu kilomita zilikuwa zimepita kiwango. Muuzaji naye akamjibu kwa mkato: "Mali ukishanunua ni yako."

Je, sheria ya Kenya inasema hivyo? Mimi si wakili, na mwenye kesi nzito amwendee wakili. Lakini nimeona watu wengi wakiamini kwamba gari linalouzwa mkono kwa mkono halina sheria. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Nusu nyingine ni hatari.

Tuanze na ile ya kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inamtwika mfanyabiashara wajibu wa ubora wa bidhaa anazouza katika biashara yake. Mwalimu au mvuvi anayeuza gari lake la nyumbani hana mzigo huo. Mnunuzi ndiye wa kukagua. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 nayo inawalenga wanaofanya biashara. Kwa hivyo muuzaji binafsi halazimiki kutoa waranti yoyote, na akinyamaza kuhusu jambo hilo, kwa kawaida hana deni. (Dalali anayeuza magari kila wiki huku akijifanya mwenye gari ni mtu mwingine kabisa. Huyo ni mfanyabiashara.)

Sasa nusu ya hatari. Kunyamaza ni jambo moja, kusema ni jingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inaziingiza nchini kanuni za mikataba za Uingereza, na kanuni hizo ziko wazi: ukimwambia mwenzako jambo lililo kinyume na ukweli, naye akaingia mkatabani kwa kulitegemea, ana haki ya kutaka mkataba uvunjwe, arudishe gari, arudishiwe pesa. "Waranti ipo mpaka mwaka ujao" si sifa za sokoni kama "gari hili ni moto". Ni habari inayoweza kuhakikishwa, tena yenye thamani ya pesa.

Uzito wa deni unategemea muuzaji alijua nini. Kesi mbili za Mahakama ya Rufaa ya Uingereza husaidia kuelewa. Katika ile ya Oscar Chess dhidi ya Williams, ya mwaka 1957, mtu binafsi alimpa mfanyabiashara gari aina ya Morris akisema ni la 1948, kama logibuku ilivyoonyesha. Kumbe lilikuwa la 1939. Mahakama ilikataa kumtoza fidia, kwa sababu alirudia kwa nia njema alichokisoma, na mnunuzi ndiye aliyekuwa mjuzi wa magari. Katika ile ya Dick Bentley dhidi ya Harold Smith, ya mwaka 1965, mfanyabiashara alisema gari lilikuwa limetembea maili 20,000 tu tangu liwekwe injini mpya, kumbe zilikaribia 100,000. Huyo alilipa, kwa kuwa alikuwa na njia ya kujua ukweli.

Muuzaji wa gari la Takaba anakaa wapi kati ya hao wawili? Ni mtu binafsi, kweli. Lakini kitabu cha waranti kilikuwa mkononi mwake na kilomita zilikuwa mbele ya macho yake kila alipowasha gari. Kwa maoni yangu, ni vigumu kwake kusema hakuwa na njia ya kujua.

Ikithibitika kuwa alijua na akadanganya, mambo yanazidi kuwa mazito. Huo ni ulaghai, na maneno "gari limeuzwa lilivyo" kwenye mkataba hayamfichi mlaghai. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, inahusu kupata mali kwa uongo, na kifungo chake hufika miaka 3. Uongo huo lazima uwe wa jambo lililopita au lililopo, si ahadi ya kesho. Kusema waranti ipo, nawe unajua haipo, ni uongo wa jambo lililopo.

Waranti yenyewe ina masharti yake. Kwa kawaida huhesabiwa kwa miaka au kilomita, chochote kitakachotangulia. Hufunika kasoro za kiwandani, si matairi au breki zilizochakaa. Huweza kupotea gari lisipofanyiwa huduma inavyotakiwa, na kwa mtu wa Takaba, ambaye gereji zilizoidhinishwa ziko mbali mno, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kuilipia. Nyingine hazihamii kwa mnunuzi wa pili. Na gari lililotumika Japan kisha likaletwa kupitia bandari yetu, usitarajie kwamba waranti ya huko imelifuata.

Mwenye dai aende wapi? Si kwa Kadhi, ingawa wote wawili ni Waislamu; Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi masuala ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi tu. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Huko unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Zaidi ya hapo ni kwa hakimu. Kwa kuwa mauzo yalifanyika Mombasa na mshtakiwa anaishi Mombasa, kesi ni ya huko, si Mandera. Dai la mkataba lina miaka 6, lakini anayetaka kurudisha gari asikawie. Ukiendelea kuliendesha baada ya kujua ukweli, utaonekana umelikubali.

Kabla ya mahakama kuna mazungumzo, na hapa dini yetu ina neno. Wanazuoni wa fiqhi wanaijua khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Mzee au sheikh anayeheshimiwa na pande zote mbili anaweza kumaliza jambo kwa jioni moja, na makubaliano yakaandikwa.

Kuandika ndiko kunakotuangusha. Mali bila daftari huisha bila habari. Mnunuzi, ukiambiwa waranti ipo, chukua nambari ya chesisi uipigie kampuni kabla hujatuma pesa. Kisha sentensi hiyo iingie kwenye mkataba wa mauzo: waranti ya nani, mpaka tarehe gani, kilomita ngapi. Hifadhi tangazo na jumbe za simu, maana ndizo ushahidi wako. Kijana wetu ana bahati moja: ujumbe wa WhatsApp wenye neno "waranti" anao bado.

Nawe muuzaji, usipokuwa na hakika, sema hivi: "Kitabu hiki hapa, waulize kampuni wenyewe." Hutapoteza mnunuzi mkweli, na hutalala ukiwaza simu kutoka Takaba.