Mbu akishauma, angalia kucha za mtoto

Mkazi wa Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala hahitaji kuelezwa mbu ni nini. Wengi wanaotuimbia masikioni usiku katika mitaa hii huzaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro iliyoziba, na asubuhi mtoto huamka na vipele mikononi na miguuni. Kipele chenyewe, ndugu msomaji, ni kitu kidogo kweli. Tatizo huanza mtoto anapokikuna.

Mbu jike anapochoma ngozi hutia mate yanayozuia damu isigande. Mwili huyaona mate hayo kuwa ni kitu kigeni, ukajihami, na mahali pale pakavimba na kuwasha. Mtoto mdogo huvimba zaidi kwa kuwa mwili wake haujayazoea. Ndiyo maana mama na mwana hulala kitanda kimoja, mama akaamka na alama ndogo na mtoto akaamka jicho limefumba.

Tiba ya nyumbani haina gharama kubwa. Osha sehemu hiyo kwa maji safi na sabuni, kisha weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwa muda wa dakika 10. Barafu pia yafaa, lakini ifungwe ndani ya kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja. Ukiweza, nunua duka la dawa losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi, umpake baada ya Isha, kwani usiku ndipo muwasho unapozidi. Dawa za mzio kama piritoni husaidia, ila huleta usingizi. Mtoto asipewe kwa kukisia, muulize mfamasia kipimo cha umri wake.

Wako wanaopaka mafuta ya taa, dawa ya meno au ndimu. Tuyaache haya. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na chupa yake ikibaki karibu mtoto huweza kuyanywa. Ndimu ikipakwa kisha mtoto akatoka juani, ngozi huweza kubabuka na kubaki na doa jeusi kwa wiki kadhaa. Dawa ya meno hupoza kidogo tu, halafu huzidisha ukali palipochubuka.

Sasa tuje kwenye kucha. Kuzikata ni sunna tunayoijua sote, lakini za watoto wetu ndizo tunazozisahau. Chini ya kucha hukaa bakteria, na kipele kikichubuliwa huingia ndani, pakatokea kidonda chenye usaha na gamba la rangi ya asali. Baadhi ya bakteria hawa, wale wa jamii ya streptokoka, huweza kuleta madhara hata kwenye figo wiki chache baadaye. Mtoto huamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, na mkojo wake huwa kama chai ya rangi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na usingoje yafike huko: wekundu unaotambaa, usaha au mitoki yatosha kumwona daktari. Zikate kila wiki, ziwe fupi.

Homa ni jambo jingine kabisa, wala haina dawa ya kupaka. Mtu akipata homa, apimwe malaria kabla ya kumeza dawa yoyote ya malaria. Kipimo kisipoonyesha malaria, msirudi nyumbani mkaridhika, muulizeni daktari kuhusu homa ya dengi. Ugonjwa huu uliikumba Dar es Salaam mwaka 2014, Kinondoni ikiathirika zaidi, ukarudi tena 2019. Mbu wake huuma mchana, hasa asubuhi na kuanzia Alasiri hadi Maghrib, na huzaliana kwenye maji yaliyotulia ya ndoo, mapipa, matairi na hata birika la udhu lisilofunikwa.

Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo chake. Aspirini na diklofenaki, ambazo wengi hukimbilia viungo vikiuma, ziepukwe mpaka dengi iondolewe shaka, kwani huweza kuzidisha kutoka damu. Na mgonjwa wa dengi asiachwe peke yake homa inaposhuka. Mara nyingi hatari huja wakati huo huo: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu, mikono na miguu kuwa ya baridi. Ukiona mojawapo, nendeni hospitali hata kama ni usiku wa manane.